Rafu ya Kaukazi

Stoo yetu ya mifupa iko nyuma ya chumba cha maiti, na inanuka chaki na dawa ya mchwa, si wafu kama watu wanavyodhani. Humo tunawatunza waliookotwa bila jina, kila mmoja ndani ya boksi lake, na maboksi yamepangwa kwenye rafu tatu kufuatana na asili ya mtu. Mwenye kutafuta ndugu anafunguliwa rafu ya watu wake tu, basi. Utaratibu huo aliuanzisha mtangulizi wangu, Mzee Rula, aliyepachikwa jina hilo kwa sababu hakuamini kitu asichokipima. Amestaafu, lakini bado huja kutusaidia, yaani kunywa chai yetu na kutukosoa.

Asubuhi hiyo alikuja tena dada wa fundi mwashi mmoja aliyekwenda kwenye ujenzi wa mbali asirudi. Kila akipata nauli huja. Mama yao yuko hoi kitandani, na amekataa katakata kumlilia mwanawe mpaka aone kinachozikwa.

Nilimsikiliza upya. Mkono wa kushoto wa fundi ulivunjika utotoni alipoanguka kutoka kwenye paa, ukaunga vibaya, ukabaki umepinda. Nikapekua rafu ya Waafrika, boksi kwa boksi. Wapi!

“Na ile pale?” akauliza, akionyesha rafu ya ukutani.

“Ile siyo yenu, mama. Ni ya Kaukazi.”

“Ndio nani hao?”

“Wazungu.”

“Si ungesema Wazungu tu?”

Hapo ikabidi nieleze. Kaukazi ni milima. Zamani mtaalamu mmoja wa Ulaya alilipenda fuvu la mwanamke wa huko, akaliona zuri kupita yote, akawapa jina la milima ile Wazungu na majirani zao, hadi Afrika Kaskazini na Bara Hindi. Waliomfuata wakawa wanaongeza na kupunguza wanavyotaka. Marekani likageuka neno la kistaarabu la kumwita mtu mweupe. Na wenyeji hasa wa milima hiyo, wakienda miji mingine kutafuta kazi, kuna wanakoitwa weusi.

Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtoto anayemsingizia paka.

“Sasa nyie mnawatambuaje, na ngozi imekwisha?”

“Kwa pua,” Mzee Rula akadakia kutoka kwenye kiti chake. “Tundu la pua kwenye fuvu likiwa jembamba, huyo Kaukazi. Nimepima mwenyewe, mmoja baada ya mwingine.”

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Wenzetu wengi wa fani hii wameshaliacha neno hilo, na mimi nilikuwa nasubiri maboksi mapya yaje ndipo nilibadilishe. Kumbe nilikuwa nasubiri maboksi ya nini, wakati kuna mama anasubiri kulia? Nikaburuta ngazi.

“Usinivurugie rafu yangu,” akasema Mzee Rula.

“Mwalimu, kunywa chai,” nikamjibu.

Nilifungua boksi baada ya boksi, nikiangalia mikono tu. Katika boksi la pembeni kabisa nikakuta mfupa wa mkono wa kushoto uliopinda, wenye nundu pale ulipounga. Nikashuka nao taratibu, nikauweka mezani mbele yake. Vipimo vya vinasaba vilifanyika baadaye na vikathibitisha, ila yeye hakuvihitaji. Alipitisha kidole kwenye ile nundu, akarudia.

“Ndiye,” akasema. “Nilikuwa namfunga kitambaa hapa. Alikuwa hataki aguswe na mtu mwingine.”

Mzee Rula akainuka. “Haiwezekani. Fuvu la boksi hilo nalikumbuka vizuri. Pua ilikuwa nyembamba!”

Yule dada akainua uso, machozi yakimtiririka, na ndipo na mimi nikaiona: pua ndefu, nyembamba, iliyonyooka kuanzia kwenye nyusi. Nilimkasirikia mzee, nikamwonea na huruma, yote kwa pamoja.

“Hii ni pua ya mama,” dada akamwambia. “Miaka yote nakuja, mzee wangu, nakaa kwenye benchi hili hili mbele yako. Ungeniangalia tu.”