Kigari cha Kutazamana

Kila aliyefanya kazi katika hospitali ile alimjua Kinyumenyume, na wachache sana walijua jina alilopewa na mama yake. Kazi yake ilikuwa kusukuma wagonjwa. Wenzake walisukuma viti vya magurudumu kama watu wenye akili zao, wakiwa nyuma ya kiti, mgonjwa akitazama anakopelekwa. Yeye alisimama mbele ya mgonjwa, akashika mikono ya kiti na kukivuta huku akirudi kinyumenyume, shingo ikigeuka kila mara asije akagonga mtu. Aliwagonga hata hivyo. Siku moja aliketi ndani ya ndoo ya mfagiaji, maji ya dawa mpaka kiunoni, mbele ya wageni waliokuja kukagua usafi. Alisimama, akajikung'uta, akaendelea kurudi kinyumenyume. Ukimuuliza sababu atakujibu, "Tahadhari kabla ya hatari," kisha atabadilisha mazungumzo.

Basi mtu wa namna hiyo umpeleke dukani kuchagua kigari cha mtoto wake wa kwanza, utegemee nini?

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mkewe, fundi cherehani, aliingia dukani tumbo likimtangulia, naye akafuata nyuma amekunja mikono ya shati kama mtu aliyekuja kufanya matengenezo. Duka lilikuwa jembamba, vitanda vya watoto vimebebana hadi darini, beseni za kuogea zimepachikana moja ndani ya nyingine. Kinyumenyume hakuangalia rangi wala maua. Alipindua vigari kimoja kimoja, akazungusha gurudumu kwa kidole na kutega sikio. Alikanyaga breki kisha akakisukuma kigari kwa nyonga aone kama kitateleza. Kimoja alikitikisa mpaka kikadondosha skrubu.

"Kaka," alisema muuza duka, "hicho ni kigari, si lori la mchanga."

"Gurudumu la mbele limelegea."

"Basi achana nacho. Kizuri chajiuza."

Mwisho vikabaki viwili. Kimoja cha buluu, chepesi, kinakunjwa kwa mkono mmoja, na mtoto hukaa akitazama mbele, barabarani. Cha pili cha kijivu, kizito, na mtoto hukaa akimtazama anayesukuma. Mkewe alikuwa ameshaweka mkono juu ya kile cha buluu.

"Tuchukue cha kijivu," alisema Kinyumenyume.

"Kwa nini? Hiki hata mimi nakibeba ngazini. Halafu mtoto aone dunia. Aone magari, aone mbwa, aone watu wanavyogombana. Sisi atatuona mpaka atuchoke."

"Nataka awe ananitazama."

"Akutazame wewe, kwani wewe televisheni?"

Muuza duka alicheka mpaka akaegemea vitanda. "Shemeji kamaliza kazi," alisema. Kinyumenyume naye alitabasamu, lakini mkono wake haukutoka kwenye kile cha kijivu. Akasema ni imara zaidi. Mkewe akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelisifu gurudumu la kile cha buluu dakika chache zilizopita.

Sababu alikuwa nayo, ila haikuwa ya kusemwa mbele ya mwanamke mjamzito.

Zamani, alipokuwa mgeni kazini, alipewa bibi mmoja ampeleke kupigwa picha ya kifua. Bibi mcheshi, mwembamba, khanga mabegani. Korido ya kwenda huko ni ndefu, naye alikuwa kijana mwenye mdomo, basi akiwa nyuma ya kiti akaanza kumsimulia kisa cha mbuzi wa jirani yake aliyeingia chumbani kwa bwana harusi akala suruali ya suti. Bibi alicheka. Walipopita famasi akacheka kidogo zaidi. Halafu akanyamaza, na Kinyumenyume akadhani anasikiliza. Akaendelea na mbuzi wake mpaka mwisho, bwana harusi yuko msikitini na suruali ya shemeji yake inayoishia magotini, akacheka peke yake. Mpiga picha alifungua mlango, akamtazama bibi, kisha akamtazama yeye.

"Ulikuwa unaongea na nani?" alimuuliza.

Tangu siku hiyo hakumsukuma mtu ambaye uso wake hauoni. Wenzake wakapata cha kuchekea, wakampa jina, na jina likamkaa.

Pale dukani alipiga moyo konde. Mkewe ndiye mwenye mimba, mkewe ndiye atakayepanda ngazi na mzigo. Wakachukua cha buluu.

Jioni yake mwanamke akataka kukijaribu. Akatia mfuko wa unga ndani ya kigari, akaufunga mkanda, na juu yake akavisha kofia ndogo ya njano aliyoishona kwa masalio ya kitambaa cha mteja. Akausukuma kutoka sebuleni hadi mlango wa mbele na kurudi.

"Mtazame mwanao alivyo mweupe," alisema. "Huyu katoka upande wa mama yako."

"Na ulaini wa kichwa katoa kwenu."

Alicheka, akageuza kigari, akaanza safari nyingine. Hakufika mbali. Mumewe alikuwa amekwenda mbele ya kigari bila kujijua, mgongo kwenye safari, macho kwenye unga, akirudi hatua kwa hatua mpaka kisigino kikagonga kabati. Mkewe alicheka tena, safari hii akishika tumbo kwa mikono miwili, kisha kicheko kikamwisha taratibu. Mtu anayepima miili ya watu kila siku huona mengi.

"Nani alikufa?" aliuliza.

Akamwambia. Alimwambia yote, hadi mbuzi, hadi suruali. Mwanamke aliketi kwenye kiti cha cherehani akamsikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo kila unayempeleka unamwangalia kama anapumua."

"Ndiyo."

"Na mimi nikilala?"

"Na wewe."

Alinyanyuka kitini. "Jumatatu tukakibadilishe," alisema. "Na ungesema ukweli palepale dukani ningekubali palepale, mwanamume mjinga wewe. Ulitaka kumsukuma mwanao miaka mitatu roho juu?" Alisema hivyo akimvuta sikio, na Kinyumenyume akaona amebebewa mzigo aliokuwa ameuzoea hata akasahau kwamba ni mzigo. Alilala usingizi mzuri. Kigari wakakiacha pale ukutani, kikitazama mlango, tayari kwa Jumatatu.

Jumapili mchana mkewe alikuwa akipasi, yeye akimenya vitunguu. Alimsikia akiita, si kwa kelele. Alipotoka jikoni alikuta pasi imelala juu ya nguo ikitoa moshi, na mkewe amesimama miguu imetengana, akitazama sakafu. Damu ilikuwa nyingi. Kinyumenyume alikuwa ameona damu ya kila aina hospitalini na alijua ile si ya kungoja.

Jirani aliwapeleka kwa gari lake, honi ikilia njia nzima. Getini Kinyumenyume alitoa kiti mwenyewe, akamkalisha mkewe, na mikono yake ikaenda palepale ilipozoea, kwenye mikono ya kiti, akiwa mbele, uso kwa uso. Alikwisha kurudi hatua chache sista wa wodi ya wazazi alipotokea mbio.

"Wewe Kinyumenyume, leo hapana! Utatuchelewesha. Pita nyuma, kimbia!"

Alisita. Mkewe akamwambia, "Pita nyuma." Akapita. Sasa alichokiona ni kisogo tu, nywele zilizosukwa wiki iliyopita, na shingo iliyolowa jasho. Ndipo mkono wa mkewe ulipopanda juu ya bega, ukatafuta vidole vyake kwenye mpini, ukavigusa.

"Nipo," alisema.

Walipita famasi. "Nipo." Walipita milango ya mpira, ile inayofunguka kwa kugongwa na kiti. "Nipo." Karibu na stoo kuna kigae kilichovunjika ambacho hunasa magurudumu madogo, alikiinua kiti juu bila kupunguza mwendo, akasikia mkewe akivuta pumzi kwa uchungu, kisha, "Nipo." Alilingoja neno lile kila mlango, na kila lilipokuja aliona anaweza kuufikia mlango mwingine. Mbele ya chumba cha upasuaji lilitoka dogo sana. Mlango ukafunguliwa, mikono mingine ikashika kiti, yake ikabaki hewani.

Benchi la pale nje alilifahamu. Wanaume wengi alikuwa amewakalisha juu yake na kuwaambia watulie. Akakaa, akatulia kama alivyokuwa akiwaambia, akinukia vitunguu.

Sista alipotoka hakusimama. Aliketi kando yake, na Kinyumenyume akajua, kwa sababu masista hawaketi.

"Mkeo yupo," alisema. "Amepoteza damu nyingi, lakini yupo."

Kinyumenyume alimgeukia.

"Mtoto hatukumwahi. Kondo la nyuma lilibanduka. Alikuwa wa kike."

Kinyumenyume alitazama viganja vyake. "Aliondoka saa ngapi?"

"Hilo hakuna ajuaye. Pengine nyumbani. Pengine njiani."

"Njiani wapi?"

Sista alimwekea mkono begani, akakaa naye kidogo, kisha akaitwa. Kinyumenyume akabaki na ile korido. Famasi, milango ya mpira, kigae. Nipo, nipo, nipo. Mama alikuwa akijibu na yeye akashukuru, akakimbia, hakumkumbuka wa pili aliyekuwa ndani ya kiti kilekile, asiye na uso wa kutazamwa wala mdomo wa kusema yupo. Alijichukia. Aliichukia mikono yake na miguu yake na ile raha aliyolala nayo Jumamosi. Mtu mwenye akili angemwambia kwamba hata angetembea kinyumenyume, hata angetambaa, asingeona kitu. Aliambiwa hivyo baadaye, na wengi, wala haikumsaidia.

Hakurudi nyumbani siku zile. Alilala kwenye viti vya wodi, akala alicholetewa na wenzake, akamzika mtoto pamoja na kaka wa mkewe, akarudi kukaa kando ya kitanda. Mkewe alitazama ukutani. Akiulizwa kama anataka maji alijibu ndiyo au hapana, na hakuna zaidi.

Siku ya kuruhusiwa Kinyumenyume alileta kiti mwenyewe. Alichagua kile chenye magurudumu mazuri. Akamkalisha, akamfunika miguu shuka, akasimama mbele yake na kushika mikono ya kiti.

"Pita nyuma," mkewe alisema.

"Mke wangu..."

"Sitaki kuangaliwa. Na wewe wala na mtu mwingine. Pita nyuma unisukume."

Akapita nyuma. Korido ilikuwa na watu, saa ya kuona wagonjwa. Wenzake wawili waliokuwa na machela walijibanza ukutani kuwapisha. Walimwona Kinyumenyume akisukuma kiti kama msukumaji mwingine yeyote, na hakuna aliyecheka.

Penye milango ya mpira alingoja asikie neno. Halikuja. Penye famasi alitega sikio, akasikia magurudumu tu na watu wakiulizana bei za dawa. Miguu ilitaka kuzunguka mbele, aone tu, mara moja tu, kisha arudi. Hakuzunguka. Ameombwa jambo moja na mtu aliyepoteza kila kitu, na angalau hilo angeliweza. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni, naye hakuwa na mkono wa kuyafutia, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile alishukuru kwamba anayesukumwa hamwoni anayesukuma. Walipofika kwenye mteremko wa kutokea nje, mkono wa mkewe ulipanda begani ukashika vidole vyake. Ulikaa hapo mpaka getini.

Jirani aliwarudisha. Walipokaribia nyumbani jirani alisema ajali haina kinga. Walimwitikia.

Kinyumenyume alitia ufunguo, akasukuma mlango, na hapo ndipo alipokumbuka. Kigari cha buluu kilikuwa palepale ukutani kinawatazama. Ndani yake umekaa mfuko wa unga, umefungwa mkanda, umevaa kofia ya njano, umeelekea mlangoni kama unaowangoja wenye nyumba. Nyuma yake nguo iliyoungua na pasi bado ziko juu ya meza. Jirani alikuwa ameichomoa tu kwenye umeme siku ile.

Aliruka kwenda kukigeuza.

"Kiache," mkewe alisema.

Alikuja taratibu, mkono mmoja umeshika mshono wa tumboni, mwingine unashika ukuta. Aliinama kwa tabu. Akaivua ile kofia, akaikunja mara mbili, akaisokomeza kifuani. Akabonyeza kifungo cha mkanda, kikaachia. Kisha akauinua mfuko wa unga kwa mikono miwili na kumpa mumewe, na mumewe alipoupokea, mkono wake ulipita wenyewe chini ya ncha ya juu, pale ambapo kichwa hushikiliwa.

Waliona wote wawili.

"Peleka jikoni," mkewe alisema.

Akaupeleka.