Bundi Aliyetoka Kanada

Bwana Orrin Beckstrom, mkuu wa kituo chetu cha kuwavisha bundi pete za namba miguuni ukingoni mwa Ziwa Superior, upande wa Marekani, alikuwa ameniahidi koleo la kubania pete. Kwa misimu miwili ya vuli nilijitolea kushika kalamu tu, nikiandika kila bundi daftarini. Usiku huo wa Oktoba, mbele ya wafadhili, bundi wa mwisho angekuwa wangu kumvisha pete.

Tatizo ni kwamba bundi walikuwa adimu. Saa mbili tulimnasa mmoja, tukamvisha pete, tukamwachia mlangoni. Kipaza sauti kiliendelea kupiga mlio wa bundi dume msituni ili kuwavuta wengine nyavuni, na wafadhili wakaendelea kunywa juisi moto ya tufaha.

Saa nne Bwana Orrin alirudi kutoka nyavuni akimeremeta. Alimtumbukiza bundi, mdogo kama ngumi, kichwa chini ndani ya kopo tupu la juisi ili atulie apimwe, akaliweka kwenye mizani, miguu ikichungulia juu.

"Ana pete! Si yetu hii. Huyu ametoka Kanada!"

"Maskini!" alisema Bi Verna Tollefson, aliyetununulia nyavu zote. "Kavuka ziwa lote hili na vibawa hivyo?"

"Lote, mama. Kwa ajili yetu."

Makofi yakapigwa. Nami nilikuwa nimeshaiona namba ya pete ile daftarini, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

"Bwana Orrin, huyu ni yule wa saa mbili."

"Annika, binti yangu, umechoka. Kanywe juisi." Kisha akaninong'oneza: "Koleo unalitaka au hulitaki?"

Nililitaka mno. Lakini niliwafikiria watafiti ambao wangechora ramani ya safari za bundi kwa kuyaamini maandishi yangu. Nikamgeuzia Bi Verna daftari.

Alivaa miwani, akasoma polepole. "Jike, gramu tisini na mbili, saa mbili na dakika tano... Orrin! Huyu hajafika hata kwangu, na mimi nakaa hapo tu ng'ambo ya barabara!"

"Anakipenda sana kituo," alijibu Bwana Orrin, akilitia koleo mfukoni. Halikutoka humo hadi msimu ulipokwisha.

Nikaandika: *Amenaswa tena. Umbali aliosafiri: mita thelathini.* Kisha nikatoka kwenda kuzima kipaza sauti, ili safari hii tukimwachia apate kwenda zake.