Maziwa ya Bi Turan

Miaka saba Tehran ilimfungia Bi Turan nje ya sinema, kosa lake likiwa kwamba zamani aliigiza kichwa wazi, tena akicheka. Sasa amepewa kibali cha filamu moja tu. Ndani yake kuna mama anayempokea mwanawe kutoka vitani. Asipomkumbatia, filamu ni maji ya mchele, na yeye hatapewa nyingine.

Studioni, mkaguzi wa filamu wa serikali, Vosughi, kijana wa miaka thelathini na ushee, akatua istikani ya chai.

"Mama, huyu Iraj anayeigiza mwanao ni mwigizaji tu. Si maharimu wako, wala jamaa. Hamgusani. Simama mbali, ulie."

"Nimlilie kama mtu aliyekosa basi?"

"Sheria ni sheria."

"Basi sheria hiyo hiyo inaniruhusu. Huyu ni mwanangu wa ziwa, nimemnyonyesha."

Iraj, jitu zima na masharubu yake, akapaliwa na chai.

"Mwaka wa theluji kubwa," Bi Turan akaendelea, macho makavu, "mtaa wa Wafinyanzi. Mamake anaumwa, maziwa yamekatika. Mara kumi na tano mfululizo, kama wanavyotaka mashekhe. Alikuwa mlafi huyu!"

"Wafinyanzi?" Vosughi akachangamka. "Mbona ndiko kwetu!"

"Ala! Hebu sogea nikutazame. Mwaka ule nilinyonyesha nusu ya mtaa. Na mkeo wa wapi, baba?"

"Nyumba ya tatu kutoka kwetu."

"Jina lake nani vile? Maana na wasichana nao walilia njaa..."

Rangi ikamtoka mkaguzi. Kama yeye na mkewe walinyonya ziwa moja, basi ni ndugu, ndoa hakuna, na nyumbani ana watoto watatu.

"Usikumbuke, mama! Nakuomba kwa jina la Mungu, usikumbuke!"

Akagonga muhuri wa kuruhusu kumbatio, akatoka mbio, koti kaliacha kitini. Mafundi wa taa wakacheka hadi wakashika mbavu.

Kamera ikawashwa. Bi Turan akamkumbatia Iraj, akalia. Mwongozaji akasema basi. Akasema tena. Bi Turan hakumwachia.

"Bi Turan," Iraj akanong'ona, "mimi mzaliwa wa Tabriz. Ulininyonyesha lini?"

"Nyamaza, mwanangu. Sikujaliwa mtoto hata mmoja. Niache kidogo."