Kucha za Mzee wa Kiti

Nilianza kumchukia Mzee wa Kiti kwa masikio. Kwa macho nisingeweza, maana katika kazi yetu ya kuchambua nafsi anayechambuliwa hulala chali kwenye kochi, na mchambuzi hukaa nyuma ya kichwa chake, asikoonekana. Na mwanafunzi hapewi leseni ya kuchambua watu mpaka yeye mwenyewe achambuliwe kwanza. Mimi nilikabidhiwa kwa huyo mzee. Wanafunzi tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amesimama.

Chumba chake kilinuka. Juu ya mto aliweka karatasi laini, lakini mafuta ya nywele za waliotangulia yalishapenya zamani, kwa hiyo nililaza kichwa changu juu ya vichwa vya wenzangu wote. Nikavumilia. Kisha siku moja, nikiwa katikati ya kusimulia ndoto, nikasikia nyuma yangu: ka. Kimya. Ka.

"Samahani daktari," nikasema, "unakata kucha?"

Akanyamaza, ule ukimya wao wa kufundishwa. Halafu akauliza kwa sauti ya kubembeleza, "Sauti hiyo inakukumbusha kucha za nani?"

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Nikamweleza habari za baba. Baba alikuwa fundi kwenye kiwanda cha mbao, na msumeno ulimpitia vidole vyote vya mkono wa kulia nikiwa bado mdogo. Kucha za mkono wa kushoto hawezi kuzikata mwenyewe, kwa hiyo kazi hiyo ikawa yangu. Kila Jumapili hukaa mlangoni penye mwanga, akanipa mkono na kunitania, "Taratibu fundi, usinimalizie na hivi vilivyobaki." Basi tunacheka mpaka mkono unatikisika. Nilimweleza na hilo la utani, mjinga mimi.

"Kumbe hata yeye alijua," akasema Mzee wa Kiti.

"Alijua nini?"

"Kwamba unatamani kuimalizia kazi ya msumeno."

Nilitaka kutapika palepale, juu ya karatasi yake. Nikakataa. Akasema kukataa kwangu ndiyo dalili yenyewe. Nikakasirika, hasira nayo ikawa dalili. Nikanyamaza, akaguna kwa kuridhika. Na nyuma yangu ka, ka, na kila nikilalamika naambiwa sauti hiyo inatoka utotoni mwangu. Miezi ikapita hivyo. Uchafu mkubwa zaidi ni kwamba maneno yake yalianza kuniingia. Jumapili moja nilikamata mkono wa baba, nikajikuta naukagua, najiuliza kama kweli nautakia mabaya. Nikasingizia masomo. Dada yangu akachukua kazi ile, naye ana haraka, humkata mpaka kwenye nyama. Baba akaanza kusema kucha bado fupi, hata zilipokuwa ndefu.

Ni dada huyohuyo aliyeniokoa. Alikuwa ananifumua nywele, mara akasimama.

"Wee mdogo wangu, hii nini?"

Ulikuwa ukucha. Mnene, wa njano, umepinda, na uchafu mweusi umeganda kwa ndani. Dada aliutupa mezani akajipangusa vidole kwenye gauni. "Unalala wapi siku hizi?" Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, maana masikio yangu yalikuwa mazima. Nikaufunga kwenye karatasi.

Zamu yangu ya kuitwa mbele ya jopo la leseni ikafika. Mchambuzi haji mbele ya jopo, hutuma neno tu. Neno lake juu yangu lilikuwa kwamba nimebakiza jambo moja: kukiri nilichotaka kuufanyia mkono wa baba yangu. Mlangoni mwenzangu wa darasa alinishika bega.

"Sema ndiyo, yaishe," akaninong'oneza. "Mimi nimekiri kwamba nilikuwa namwonea wivu kaka yangu kwa sababu ya bibi yetu. Sasa hivi nina leseni, na bibi hajui kitu."

Ndani walikuwa watu watatu, chupa ya chai na sahani ya biskuti. Mwenyekiti akaniuliza kama niko tayari kukiri. Nikafungua karatasi yangu, nikauweka ukucha mezani, kando ya biskuti.

"Huu ni wa Mzee wa Kiti," nikasema. "Ulinirukia kichwani akiwa kazini. Baba yangu mwacheni."

Hakuna aliyeshtuka. Mwenyekiti alivaa miwani, akauinamia ule uchafu kwa upole, nikadhani sasa ataona haya.

"Kwa nini uliuhifadhi?" akauliza.

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja wao, biskuti mdomoni, akaongeza, "Na akatuletea kama zawadi."

"Mnatia kinyaa," nikawaambia. "Wote." Leseni niliwaachia pamoja na ukucha wao.

Nilirudi nyumbani kifua mbele. Haikuwa Jumapili, lakini nilimwita baba mlangoni nikiwa na kikata kucha mkononi. Alikuja upesi, akakaa, akanyoosha mkono.

"Fundi karudi! Taratibu basi, usinimalizie na hivi vilivyobaki."

Nikangoja kicheko changu, hakikuja. Nikakata ukucha wa kwanza. Ka. Mate yakanijaa mdomoni, na mbele ya kidole cha baba nikaona kile kitu cha njano. Nikageuza uso.

Baba akauvuta mkono wake polepole, akaunusa.

"Unanuka?" akauliza. "Nimeuosha lakini."