Ngazi za Bure

Mji mkuu huu una makumbusho ya bure mengi kuliko vyoo vya bure, na mimi nayajua yote kwa ngazi zake. Usiniulize ndani kuna vyungu vya nani au mfalme gani alikalia kiti gani. Niulize ni ngazi ipi yenye vidato vya chini na ipi yenye chuma cha kushikia pande zote mbili, nitakujibu hata nikiwa usingizini.

Mume wangu ni kinyozi. Kiharusi kilimkuta kazini, mashine mkononi, mteja kanyolewa nusu kichwa. Alipotoka hospitali upande wake wa kushoto ulikuwa mzito, na sisi tunakaa ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Mwanetu akatuchukua kwake, tukapewa chumba cha uani. Ni mtoto mwema, sina la kumlaumu. Lakini jiko ni la mke wake, televisheni ni ya wajukuu, na mume wangu, mtu aliyezoea kupata habari za mtaa mzima kabla chai haijapoa, akawa anashinda akitazama ukuta. Nilimwona anakwisha mbele ya macho yangu, na niliogopa.

Kisha mwanetu akatangaza kwamba atarudisha ufunguo wa kwetu kwa mwenye nyumba. "Baba hawezi tena kupanda zile ngazi, mama. Tuwe wakweli."

"Nani kasema hawezi?"

"Mama, jamani..."

"Nakuuliza, nani kasema?"

Akatupa mpaka mwisho wa mwezi, kwa kuchoka tu kubishana nami.

Kwetu kusingefaa kujifunzia. Ngazi ni nyembamba, ina giza, majirani wanapishana na ndoo, na mume wangu asingekubali wateja wake wamwone akijikokota. Ndipo nikakumbuka makumbusho. Kule ngazi ni pana, watu ni wa kutafuta, na mlangoni wameandika kiingilio bure.

Tulianza na makumbusho ya posta, ambayo yana vidato vichache tu mlangoni. Mtaalamu wa viungo alikwisha kutufundisha: mguu mzima unatangulia kupanda, mgonjwa unatangulia kushuka. Mimi nyuma yake, mikono tayari. Tukapanda, tukashuka, tukapanda tena. Mlinzi akatoka kutushangaa.

"Mama, stempu ziko ndani."

"Tunajua."

"Sasa mbona hamwingii?"

"Kwani mmeandika bure kwa wanaoingia tu?"

Akarudi kitini kwake.

Kutoka posta tukahamia makumbusho ya ndege waliokaushwa, ambako ngazi ni ndefu zaidi. Hapo alianguka. Akakaa chini karibu na mbuni mwenye macho ya gololi, akasema basi, inatosha. Nilikaa naye sakafuni mpaka alipomaliza kulia, kisha nikamwinua. Mimi nililia baadaye, bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa.

Yakabaki makumbusho makubwa. Ngazi yake inapanda, inakata kona, inapanda tena, kwa urefu haina tofauti na ya kwetu, ila ni pana na safi. Aliitazama kutoka chini, akanigeukia. "Mke wangu, nimechoka. Mwache mtoto arudishe ufunguo."

Nilipandwa na hasira, nikamwacha pale kwenye benchi, nikapanda peke yangu mpaka juu. Hakukuwa na kitu. Ukumbi ulikuwa unapakwa rangi: makabati ya vioo matupu, ndoo, na ufagio. Nikasimama pale nikihema, nikakumbuka mume wangu ni mtu wa namna gani. Ni mbea. Namwambia hivyo mbele za watu na hakatai. Hajapata kuvumilia habari nusu maishani mwake. Basi nikaanza kucheka, kwa sauti, mpaka kuta zikaitikia. Nikashuka nikijifuta macho.

"Kuna nini huko juu?" akauliza.

"Aa, wacha tu."

"We mwanamke, kuna nini?"

"Panda uone."

Tangu hapo sikupumua. Tukila ananiuliza, nikimfunga viatu ananiuliza. Ni picha? Za watu? Wamevaa? Panda uone. Akapanda. Alifika kwenye kona, akarudi. Siku nyingine akaivuka kona, akashuka akitetemeka na kunilaani. Kila tukienda nilikimbia juu kucheka upya, huku moyoni nikiogopa siku atakayofika akute ufagio.

Mwezi ulipokwisha, mwanetu alifuatana nasi, ufunguo mfukoni. "Akifika juu, sisemi tena," akaniambia. "Akishindwa, nikitoka hapa naenda kwa mwenye nyumba." Akabaki chini, mikono kifuani.

Mume wangu hakumtazama. Mguu mzima, kisha mgonjwa. Kwenye kona alisimama muda mrefu, jasho likimtoka, nami nyuma yake nikiuma midomo nisiseme neno. Kisha akashika chuma, akaendelea. Karibu na mwisho mguu wa kushoto uligoma, akauvuta kwa mkono akishika suruali, akauweka alipotaka ukae.

Akafika. Akatazama makabati, akatazama ndoo, akautazama ufagio.

"Ndicho hiki?" akaninong'oneza.

"Ndicho hiki."

"Siku zote hizo ulikuwa unauchekea ufagio?"

"Ndiyo."

Nilingoja matusi, nayo ningeyastahili. Mabega yakaanza kumtikisika, nikamdaka nikidhani kiharusi kimerudi. Alikuwa anacheka. Kilikuwa kile kicheko chake cha kazini, ambacho sikuwa nimekisikia tangu aumwe, na kilijaza jengo lote kuliko changu.

Chini, mwanetu akaita. "Baba! Kuna nini huko juu?"

Mume wangu akashika chuma, akamchungulia.

"Panda uone," akamjibu. "Na uje na ufunguo."