Japo na Endapo

Kazini walimwita Bi Nukta, kwa sababu katika miaka kumi na tisa ya kusahihisha vitabu vya shule hakuna nukta iliyowahi kumponyoka. Wapiga chapa walimtania kwamba hata akiandikiwa barua ya mapenzi ataisahihisha kwanza ndipo ajibu. Hakuolewa, na utani huo ulikuwa umemchosha siku nyingi, lakini alicheka nao.

Jumapili moja baba yake aliita kikao cha familia. Mzee alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mtaa mzima, hadi wanawe wa kuwazaa, walimwita Mwalimu. Jambo lililoletwa lilikuwa la mdogo wake Bi Nukta, fundi cherehani, aliyerudi nyumbani na watoto wawili na kidole cha shahada kimefungwa bendeji. Mumewe ndiye aliyekivunja.

Watu wakazungumza wee, mpaka chai ikapoa vikombeni. Shangazi akasema ndoa ni kuvumiliana. Kaka mkubwa akasema yeye hana la kusema, kisha akalisema kwa nusu saa. Mwishowe Mwalimu akakohoa, na chumba kikatulia. Akatoa yale maneno ambayo hakuna aliyepita darasani asiyeyajua, mwisho wa ubeti wa utenzi wa kale unaosomwa darasa la sita:

“Mtii mkubwa wako,
Japo hatendi ya haki.”

“Wahenga walishamaliza,” akasema. “Sisi ni nani?”

Hakuna aliyebisha. Mistari hiyo ilikuwa kila mahali. Iliandikwa kwa rangi ukutani mwa ofisi ya mtaa, juu kabisa ya dirisha la foleni. Meneja akimnyima mtu likizo aliisema, na mama mkwe akimtuma mkwewe mara ya saba aliisema pia. Mdogo mtu akabeba begi lake siku hiyohiyo, akarudi kwa mumewe.

Wiki mbili baadaye utenzi huohuo ukatua mezani kwa Bi Nukta. Ulikuwa unachapwa upya, nakala elfu arobaini, na Mhariri Mkuu akampa chapa ya zamani kutoka stoo ili alinganishe. Ukurasa wa thelathini na moja ulimkwaruza kidole. Juu ya mstari mmoja palikuwa pamebandikwa kikaratasi chembamba, kimechapwa kwa herufi zilezile: *Japo hatendi ya haki*. Gundi ilikuwa imekauka kitambo. Akaingiza ukucha, kikaratasi kikabanduka chote.

Chini yake paliandikwa: *Endapo atenda haki*.

Akasoma tena, akasoma tena. Mtii mkubwa wako, endapo atenda haki. Akashuka stoo, akapekua mpaka akapata nakala nyingine mbili za chapa ile. Zote zilikuwa na kikaratasi, na chini yake neno lilelile.

Mhariri Mkuu alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu na hakutaka matata. Alivitazama vile vitabu vitatu kama mtu aliyeletewa nyoka mfukoni.

“Bi Nukta, neno hili limeshakuwa mali ya watu. Liko mpaka ukutani. Unataka tupake rangi nchi nzima upya?”

“Nataka tuchape alichoandika mshairi.”

“Mshairi kafa. Kamati ya mitaala iko hai.” Akajikuna shingo. “Haya. Nani alibandika, na kwa nini? Niletee mtu aliyeona kwa macho yake, aandike ushahidi na kutia sahihi. Nitaupeleka. Bila hivyo watasema ushahidi wako ni ukucha tu.”

Kwa mwaka uliochapwa jaladani, aliyeweza kuwa ameona ni mtu wa umri wa baba yake. Jumamosi akaenda kwa Mwalimu na kitabu kwenye mkoba. Mzee hakuhitaji hata kukifungua. Alipoona jalada tu, alivua miwani.

“Tulibandika sisi wenyewe,” akasema.

Akaeleza, polepole, akitazama dirisha. Alikuwa na miaka kumi na moja. Makuli wa stesheni ya reli waligoma, wakakataa kupakia hata gunia moja, na kiongozi wao akasimama juu ya kreti akausema ule ubeti mbele ya wasimamizi. Endapo atenda haki! Siku ya tatu hata wafagizi walikuwa wamejiunga. Serikali ya wakati ule ikaleta askari. Wiki iliyofuata mkaguzi akaja shuleni na bahasha ya vikaratasi, watoto wakapewa brashi na kopo la gundi.

“Mwalimu wetu alikataa kushika brashi. Hatukumwona tena.”

“Na serikali ile ilipoondoka?”

“Waliokuja baadaye waliona kikaratasi kimekaa vizuri. Wakachapa hivyohivyo.”

Bi Nukta akakigonga kitabu kwa kidole. “Na wewe ukalifundisha hilo *japo* miaka thelathini na minne.”

“Nilikuwa na watoto watano wa kulisha.”

“Sawa. Na juzi kikaoni? Juzi nani alikuwa amekushikia bunduki, Baba?”

Mzee akarudisha miwani usoni. “Neno likikaa mdomoni muda wote huo, mwanangu, linakuwa lako.”

Bi Nukta akamwomba aandike ushahidi, ukurasa mmoja tu. Akamsogezea kalamu. Mwalimu aliisukuma kwa ncha ya kidole, kama kitu cha moto.

“Nikiandika, niwaambie nini wale wote niliowachapa viboko kwa kulikosea?”

Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Bi Nukta aliandika barua mwenyewe, akaambatanisha picha za kurasa tatu. Kamati ikajibu kwa sentensi moja: pendekezo halikupokelewa. Na kwa kuwa kitabu hakiendi mtamboni bila sahihi ya msahihishaji, Mhariri Mkuu akaja kusimama mezani kwake mpaka akatia. Kalamu ilitoboa karatasi.

Jioni ile, badala ya kwenda nyumbani, alikwenda kwenye chumba cha kushonea cha mdogo wake. Alimkuta anatunga uzi kwa mkono wa kushoto, kile kidole kimekakamaa kama kijiti. Akamsimulia yote, kwa pupa, mpaka sauti ikamkauka.

Mdogo wake akamsikiliza bila kuacha kazi.

“Kwa hiyo mume wangu akisoma *endapo*, ataniomba radhi?”

“Sisemi hivyo. Nasema walikurudisha kwa neno la uongo.”

“Dada, hakuna aliyenirudisha kwa utenzi.” Sasa aliacha sindano. “Mlikuwa watu tisa pale ndani. Tisa! Hakuna hata mmoja aliyesema, njoo kwangu. Hata wewe. Wewe ulikuwa unatazama kikombe.”

Bi Nukta alitaka kujitetea. Ana vyumba viwili tu, watoto ni wawili, na cherehani nayo itakaa wapi. Ni kweli alikuwa anatazama kikombe.

“Njoo kwangu,” akasema.

“Lini?”

“Leo.”

“Umechelewa mwezi mzima na siku nne,” mdogo wake akasema, na hakutabasamu. Lakini akaanza kukunja nguo za wateja.

Cherehani ikakaa dirishani, watoto wakachukua kitanda, dada wawili wakagawana godoro na kugombana kuhusu blanketi. Mume alikuja mara mbili kupiga kelele mlangoni. Mara ya pili wapangaji wenzao walitoka wote, wakasimama tu wakimtazama, akaondoka. Mwalimu alituma ujumbe kupitia kaka kwamba ameaibishwa. Mwenyewe hakutia mguu.

Vitabu vikatoka mtamboni mwezi uliofuata, maboksi yakapangwa kwenye ghala hadi karibu na dari. Saa ya chakula cha mchana Bi Nukta alishuka huko peke yake, akafungua boksi la kwanza. Ukurasa wa thelathini na moja. Akakata *Japo hatendi ya*, akaandika juu yake *Endapo atenda* kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Akachukua cha pili. Hasira zilimfanya abonyeze kalamu kupita kiasi, lakini aliendelea, kitabu baada ya kitabu.

Alikuwa kwenye nakala ya kumi na moja mpakiaji alipoingia na toroli kuyachukua maboksi.

“Bi Nukta, pisha,” akasema. “Gari linasubiri.”