Mbegu ya Mama Benadeta na Bahari ya Peru

Mimi Adelgunda sijawahi kuiona bahari. Maji makubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona ni ziwa pale Bukoba, na hata hayo niliyatazama kwa mbali kwa sababu viatu vilikuwa vipya. Kwa hiyo mwaka 2023, shemeji yangu Mwalimu Placidius alipokuja hapa Nyakakika kuniambia nisipande maharage bondeni kwa sababu ya bahari ya Peru, nilimuuliza amekunywa nini asubuhi yote ile.

Hayakuwa maharage ya kawaida. Mama mkwe wangu, marehemu Benadeta, aliniachia mbegu yenye madoa ya zambarau, inayoiva upesi na kutoa mchuzi mzito hata usipoiunga. Kijiji kizima hakuna mwingine aliyekuwa nayo, nami nilihakikisha hali inabaki hivyo. Jirani yangu Kantengwa aliniomba miaka sita. Miaka yote sita nilimpelekea bakuli la maharage yaliyokwisha kuchemshwa, asije akapata wazo la kuyapanda.

Kisha mvua zikatukataa misimu mitatu. Nilipanda kibanjani, katikati ya migomba kule mlimani kama kawaida yetu, na kila mara yalikauka yakiwa na maua. Mbegu ikabaki vikombe viwili. Vikipotea na hivyo, basi mbegu ya Mama Benadeta imekwisha, na aliyeimaliza ni mimi. Wazo hilo lilinitoa hata hamu ya kula. Ndiyo maana nikaamua kupanda bondeni, kando ya kijito, ambako ardhi haikauki.

"Hapo ndipo utakapoyazamisha," alisema Mwalimu. Alifundisha jiografia miaka thelathini, na kustaafu hakujamzuia kufundisha. "Shemeji, leta kikombe chako."

Kikombe changu kilikuwa na chai ya maziwa, utando umeshatanda juu. Akainama, akapuliza. Chai yangu! Utando wote ukasogea hadi ukingo wa pili, ukajikunja.

"Unaona? Kwa kawaida upepo wa Pasifiki unapuliza hivi. Maji ya juu, yenye joto, yanasukumwa mbali na Peru, na maji baridi yanapanda kutoka chini kujaza nafasi. Hayo ya chini yana rutuba, ni samadi kabisa, waitu shemeji yangu. Vijimea vya baharini vinastawi, dagaa wa kule wananenepa, ndege wanashiba. Lakini kila baada ya miaka michache upepo unalegea." Akaacha kupuliza. Utando ukarudi taratibu ukafunika kikombe. "Maji ya joto yanarudi juu, rutuba inabaki chini. Dagaa wanatawanyika, ndege wanakonda, na mawingu nayo yanahama. Hiyo ndiyo El Nino. Huku kwetu mara nyingi vuli inazidi. Ile misimu mitatu uliyolia, upepo ulikuwa umekazana kupita kiasi."

"Una uhakika mvua itazidi?"

"Uhakika hapana. Dalili ndizo nyingi."

"Na hiyo chai nani atainywa?"

"Mimi," akasema, akainywa.

Tulibishana hadi Kantengwa akatokea kwenye ua wake kusikiliza vizuri. Mwishowe nilimpa Mwalimu kikombe kimoja cha mbegu akapande kibanjani kwangu, chini ya majani makavu yaliyotandazwa vizuri, kwa sharti kwamba yakinyauka hatataja tena Peru nyumbani kwangu. Kikombe cha pili nilishuka nacho bondeni, shingo juu.

Mwezi wa kumi mvua ilinyesha vizuri, nami nikavimba kichwa: yangu yalikuwa marefu kuliko yake, na kila alipopita nilimwonyesha. Mwezi wa kumi na moja ikanyesha kama inayolipiza kisasi. Asubuhi moja Kantengwa aliniita kwa sauti iliyonifanya nishuke mlima bila kanga ya pili. Kijito kilikuwa kimelala juu ya shamba langu lote. Hakuna jani lililoonekana. Nililia, sifichi. Nililia kwa sauti.

Katikati ya kilio changu maji yakatikisika, mgongo mweusi ukapita palipokuwa na mstari wangu wa kwanza. Kambale! Kantengwa hakuniuliza. Alijitosa na kikapu cha kahawa, akaanguka, akaibuka na tope hadi kwenye nyusi, samaki akimpiga makofi kifuani. Nikajikuta nacheka na machozi bado yanatiririka. Tulivua kumi na mmoja, na jioni ile Mwalimu alikula wawili.

"Hawa ndio wale waliotawanyika Peru?" nikamchokoza.

"Hawa wametoka bwawani hapo chini," alijibu kwa kinywa kilichojaa. Hajui utani huyu.

Yake ya kibanjani yalikuwa yamezaa. Mteremko ulimwaga maji ya ziada, majani makavu yalizuia udongo usiondoke. Lakini mvua haikuacha hata maharage yalipokomaa. Desemba ilifika, maganda yamekauka nusu, na ndani baadhi ya punje zilikwishaanza kuchipua. Tukiyaacha yanaota, tukiyang'oa hakuna jua la kuyaanika. Jiko langu lilikuwa linavuja juu ya mafiga matatu yote. Mwalimu alijua habari za bahari zote tano, ila ya kukausha maharage hakuwa nayo.

Ndipo Kantengwa akaja na panga na kamba. "Yang'oeni leo. Yaje jikoni kwangu."

Alishusha kuni zake zote kutoka kwenye dari ya juu ya moto, akazirundika nje mvuani. Kuni kavu, Desemba ile! Tulitundika mashina ya maharage vichwa chini, na kwa siku tisa hakuacha moto ule uzimike. Alikohoa, macho yakamwiva, nguo zake zote zikanuka moshi hadi kanisani. Hakuniomba hata punje moja. Angeniomba ningepata nafuu.

Siku ya kumi tulipiga maganda, tukachambua yaliyooza, yakabaki vikombe kumi na vinne. Nilipima saba. Mkono wangu ulisita kwenye cha nne, nakiri, kisha ukaendelea.

"Chukua."

Kantengwa aliyatazama, akanitazama. "Hujayachemsha?"

Kumbe miaka yote alijua. Nilitaka ardhi inimeze na kambale wake wote.

"Mabichi," nikasema. "Uyapande. Na anayekuomba mpe. Mwaka mmoja yatanifia tena, nitakuja kwako kuomba."

Alifungua kitenge cha kichwani, akakikunja mara mbili, akakitandaza mapajani ili ayapokee.

"Ukija," alisema, "nitakupa kwanza bakuli la yaliyokwisha kuchemshwa."